Ameumia Mguu Tu

Kwetu hakuna mtu anayeambiwa kwa simu kwamba amefiwa. Utaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo. Utaambiwa unahitajika nyumbani, panda gari la kwanza. Nilikuwa Chato, nimekwenda kufunga magunia ya dagaa, nilipopigiwa kwamba baba anaumwa kidogo. Nilisafiri siku nzima nimepakata chupa ya asali niliyomnunulia kwa ajili ya kikohozi chake. Nilipofika Kahama nikakuta wanaume watatu wa mtaani kwetu wamesimama stendi, kimya, na mmoja akanipokea mkoba kabla hata ya kunisalimia. Ile asali tuliitia kwenye chai ya waombolezaji.

Nami sijifanyi mwema. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyempigia mdogo wangu wa kike, nikamwambia mama kateleza kidogo bafuni, njoo. Sauti yangu haikutetemeka. Kila ukoo una mtu wake wa kazi hiyo, na wetu nilikuwa mimi. Nilijua maneno yake, nilijua nani akae kushoto na nani akae kulia, na nilijua kwamba glasi ya maji inaletwa kabla ya habari.

Naeleza haya mapema ili mtu asinione mwendawazimu kwa yale niliyoyafanya wiki ile.

Nina saratani ya titi. Nauza vitenge na madira sokoni Nyasubi, nimeachika mara moja na sina hamu ya mara ya pili, na nina mdomo ambao wateja wangu wanaujua. Dawa nachomwa Mwanza, kwenye hospitali kubwa, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza kuingia ni nyekundu kama juisi ya rozela, nayo hupita kwenye mshipa taratibu huku muuguzi amesimama anaiangalia. Daktari wangu ni mwanamama mfupi mwenye miwani, asiye na haraka. Alinieleza kwamba dawa hiyo haichagui. Inaua seli mbaya, na inaua pia seli nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Seli hizo zikishuka sana, mafua ya mtoto wa jirani yanaweza kuniua kabla ya saratani. Kwa hiyo kabla ya kila dozi napima damu, na zisipokuwa zimepanda, hakuna dawa.

Nilikuwa nimeshapata dozi tatu. Ya nne ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya pili daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tujaribu wiki moja nyingine," akasema. "Zikikataa tena, itabidi tukae tutafute njia nyingine."

Sikuuliza njia nyingine ni ipi. Niliogopa, na nikiogopa huwa nagombana, kwa hiyo nikamuuliza kwa ukali nifanye nini cha zaidi, maana kula nakula na dawa nameza.

"Epuka watu, kula chakula cha moto, lala. Na upunguze mawazo."

"Daktari, mawazo hayapigi hodi."

"Hayapigi," akasema akicheka, "lakini si lazima uyatandikie mkeka. Sikwambii kwamba mawazo ndiyo yanayoshusha damu yako. Dawa peke yake inatosha kuishusha. Ila mtu asiyelala na asiyekula, huo mwili wake unajengwa na nini?"

Kisha mimi nikatoka kukaa kwenye benchi, na yule mdogo wangu wa kike akabaki ndani na bahasha ya vipimo, kama kawaida. Yeye ndiye aliyekuwa ananisindikiza kila safari, na yeye ndiye aliyekuwa anabeba bahasha. Alipotoka alisema alichokuwa anakisema kila mara: "Amesema unaendelea vizuri. Ni kidogo tu, utapona."

Nyumbani aliweka ndoo ya maji yenye koki na sabuni getini, na tangu siku hiyo akawa askari. Si kazi ndogo. Kwetu mgonjwa ni wa watu wote. Asiyekuja kukujulia hali amekutenga, na asiyekushika mkono ana neno na wewe. Jumatatu walikuja wanawake watano wa sokoni na sukari na sabuni ya unga, na mdogo wangu akawaambia mgonjwa haruhusiwi kuonana na watu. Walisimama nje ya ukuta wakaniombea dua kwa sauti ya juu, dua ndefu, nusu ikiwa ya kuniombea mimi na nusu ya kumsema yeye. Jirani yetu wa upande wa kushoto alitangaza mtaa mzima kwamba nimefungiwa kama kuku anayeatamia. Nilicheka peke yangu chumbani. Wiki ile sikucheka tena.

Tuko watatu kwa mama yetu. Wa mwisho ni mwanamume, ni mchimbaji, na yuko upande wa Geita. Mama aliugua sana baada ya kumzaa, mimi nikambeba mgongoni nikiwa darasa la sita, na mpaka leo, na ndevu zake, ananiita dada kwa sauti ya mtu anayeita mama. Anashuka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu linalokwenda chini kama kisima. Wanashuka kwa kamba alfajiri. Tuliwekeana ahadi siku ya kwanza alipoanza kazi hiyo, na hajawahi kuivunja: akitoka tu, kabla hajanawa uso, ananipigia. Anasema, "Dada, nimetoka." Mimi nasema, "Haya." Basi, tunakata. Huwa ni baada ya Alasiri, na siku zote za ugonjwa wangu nilikuwa silali mchana mpaka niisikie simu hiyo.

Jumatano Alasiri ikapita. Nikaitafuta simu yangu pembeni ya mto, haipo.

"Nimeipeleka kwa fundi," mdogo wangu akasema kutoka jikoni. "Ilikuwa inajizima."

"Ilikuwa inajizima lini?"

"Asubuhi."

Asubuhi nilikuwa nimeishika, nasikiliza mawaidha. Haikujizima hata mara moja. Nikamwambia anipe yake nimpigie mdogo wetu. Akasema yake haina chaji. Umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Nilimtazama, naye akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Jua halijazama, geti likagongwa. Alikuwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama, kutoka Samuye, amebeba jogoo kwapani na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nilimsikia ananawa mikono kwenye ndoo kwa utaratibu kama alivyoelekezwa. Akaja akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuona tu, mwanangu."

Sasa, mama yangu huyu ni mtu ambaye karanga zikiwa shambani hatoki Samuye hata kwa harusi, na wiki ile karanga zilikuwa zinang'olewa. Nikamuuliza karanga kamwachia nani. Akasema karanga hazikimbii. Sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo maishani mwangu.

Alhamisi nikakaa kama mpelelezi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Redio ya jikoni, ambayo mdogo wangu huiwasha tangu alfajiri, ilikuwa kimya. Wakizungumza wanazungumza kwa minong'ono, na nikikohoa wananyamaza. Mara mbili niliona mdogo wangu akitoka uani na simu sikioni, ile isiyo na chaji. Uji ulioletwa nikaumwaga dirishani kwenye mchicha. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wanavyosema, nami sikuulizwa. Nililetewa mwingine, na huo nao nikaumwaga. Daktari alinipa kipimajoto, akaniambia joto likifika thelathini na nane niende hospitali bila kusubiri. Nilikuwa najipima kila baada ya muda mfupi. Thelathini na saba na nusu. Thelathini na saba na pointi saba. Kila nikikiweka kwapani nilikuwa namwomba Mungu vitu viwili kwa pamoja, cha kwanza kikiwa cha mdogo wetu, si changu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba sheria ya daktari ilikuwa imewapa ukuta wa kujificha. Nikisema nataka kwenda dukani kwa jirani, naambiwa kinga yako iko chini. Nikisema muiteni mtu yeyote aje nimuulize, kinga yako iko chini. Walikuwa wamenifungia kwa dawa yangu mwenyewe.

Adhuhuri yule jirani wa kushoto akaja getini. Nilisikia sauti yake vizuri kabisa: "Poleni jamani, tumesikia." Na mdogo wangu: "Shhh."

Nilivaa barakoa, nikatoka mpaka barazani.

"Mmesikia nini?" nikauliza.

Jirani akanitazama, akamtazama mdogo wangu. "Si huo ugonjwa, jirani."

"Ugonjwa wangu una miezi mitano. Leo ndiyo umeusikia?"

Akasema ameacha maharage jikoni, akaondoka. Sikuwahi kumuona akikimbilia maharage tangu tuwe majirani.

Ijumaa asubuhi waliingia wote wawili. Mama mkubwa akakaa kulia kwangu kitandani, mdogo wangu akavuta kiti kushoto. Macho yao yalikuwa mekundu, yamevimba, macho ya watu waliolia hadi alfajiri. Mdogo wangu alikuwa ameshika sahani, na juu ya sahani kulikuwa na glasi ya maji.

Nilipoiona ile glasi nilitamani kuziba masikio.

"Mwanangu," mama mkubwa akaanza, taratibu, kwa ile sauti, "usishtuke. Mdogo wako ameumia mguu. Kidogo tu. Yuko hospitali Geita, anaendelea vizuri, anakusalimia."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikasema.

"Hapana, dada! Ni mzima!"

"Hata baba mlisema mzima."

"Dada, naapa, ni mguu—"

"Mmeshamzika?"

Mdogo wangu akaangusha glasi. Mama mkubwa alinishika mabega, jambo ambalo halikuruhusiwa, akaanza kuniapia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwa mama yake na kwa mama yangu. Sikusikia. Kadiri walivyoapa ndivyo nilivyozidi kujua. Mimi mwenyewe niliapa siku ile nilipomwambia huyu binti kwamba mama kateleza. Niliapa kwa kaburi la baba.

Sikulia. Nilifunga khanga kiunoni, nikatandika mkeka sakafuni nikakaa chini kama anavyokaa mfiwa. Nikawaambia waniletee dira langu jeusi na watafute gari la kwenda Geita. Wakampigia mchimbaji mwenzake mdogo wetu aliyekuwa naye wodini. Simu haikupatikana. Wakapiga tena. Haikupatikana. Niliwatazama wanavyohangaika na ile simu nikaona wanaigiza, na vibaya. Ilipokuwa zamu yangu nilikuwa naigiza vizuri zaidi.

Siku hiyo nzima sikula. Jumamosi asubuhi simu ilipatikana, mdogo wangu akaja mbio, akaniwekea sikioni. Nikasikia pumzi, kisha sauti kavu, ya chini, inayokwaruza kama mtu anaburuta debe: "Shikamoo, dada."

"Si yeye," nikasema, nikamrudishia simu. "Mmemlipa nani?"

Nilipomwona mdogo wangu alivyokaa chini ukutani na kujifunika uso kwa upande wa khanga, sikumwonea huruma. Nilimchukia. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumamosi hiyo hiyo ilikuwa siku ya damu. Nilikuwa napima maabara ya hapa Kahama ili tusifunge safari ya bure, halafu majibu tunampigia daktari. Mtaalamu wa maabara alinichoma, nikakaa nje chini ya feni na barakoa usoni, na sikuwa na hamu hata ya kujua. Seli nyeupe zilikuwa chini kuliko wiki iliyopita. Mdogo wangu alimpigia daktari tukiwa bado pale, akaweka sauti nje ili nami nisikie.

"Mama," daktari akaniuliza, "umelala siku hizi?"

"Nimefiwa na mdogo wangu, daktari."

Ndipo mdogo wangu akaanza kulia na kueleza yote kwa mara moja, kwa simu, mbele ya wagonjwa wa watu. Duara liliporomoka Jumatano asubuhi. Mdogo wetu na wenzake wawili walibaki chini, kifusi kimeziba njia, na hakuna aliyejua kama wako hai. Watu walichimba siku mbili. Ijumaa alfajiri waliwatoa wote watatu, wakiwa hai, yeye mguu umevunjika na koo limejaa vumbi. Waliogopa kuniambia alipokuwa chini kwa sababu ya damu yangu. Na alipotoka, mama mkubwa alisema hata habari njema ya ghafla humtikisa mgonjwa, tumwambie mguu tu.

Nilisikiliza. Maneno yalikuwa mengi mno kuwa ya uongo. Sisi uongo wetu hauna kifusi wala siku mbili wala koo. Una maneno matatu na glasi ya maji. Wangenieleza hivyo tangu Jumatano ningeogopa, lakini ningeogopa kitu kinachojulikana. Hata hivyo moyo ulikataa kufunguka. Ulikuwa umeshamzika.

"Mnaweza kumleta?" daktari akauliza.

"Mguu umevunjika, daktari."

"Mleteni na mguu wake, wenzangu wa Geita wakimruhusu. Ila asiingie ndani na kikohozi hicho. Amwone kwa mbali. Na wewe mama, nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Hiyo ndiyo ya mwisho, sitaki nikudanganye."

Jumapili mdogo wangu alikodi gari akaenda Geita. Nilibaki na mama mkubwa. Yeye alikaa jikoni anachambua michembe, mimi kwenye mkeka. Saa saba mchana honi ikalia nje. Nilisimama nikashika nguzo ya baraza. Mama mkubwa alifungua geti mabawa yote mawili, mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa, na kwanza nikaona mguu: umefungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka unyayo hadi juu ya goti, umenyooshwa juu ya kiti. Vidole vilikuwa vinachungulia. Nilivihesabu. Halafu dereva na mdogo wangu wakamwinua, akasimama kwa mguu mmoja na magongo mawili, uso umechubuka, macho yameiva kwa vumbi. Kati yetu kulikuwa na hatua kama kumi za jua.

Alifungua mdomo, akakohoa, akainamisha kichwa pembeni ili asikohoe upande wangu. Kisha kwa ile sauti ya debe akasema:

"Dada, nimetoka."

Nilikaa palepale barazani nikalia kilio chote nilichokuwa nimekizuia, cha baba, cha mama, cha titi langu, nikamtukana yeye na duara lake na aliyegundua dhahabu. Nikamwita mbwa. Akasimama juani ananisikiliza, anacheka na machozi yanamtoka. Nilitaka kumshika. Nilitaka kumbeba mgongoni na hogo lake. Hatukusogeleana hata hatua moja, na walipomrudisha garini kumpeleka kwa rafiki yake atakakolala, nilikula. Nilikula ugali na yule jogoo wa Samuye mpaka mama mkubwa akasema niache mifupa kwa paka.

Wiki hiyo nililala. Alinipigia kila Alasiri, simu yangu ikiwa imerudi "kutoka kwa fundi", naye alikuwa anasema, "Dada, nimekaa tu," nami nasema, "Haya." Jumamosi damu ilikuwa imepanda. Haikupanda sana, lakini ilitosha. Nilipomuuliza daktari baadaye kama ni mdogo wetu aliyeipandisha, alisema pengine ingepanda yenyewe, mwili una siku zake, hawezi kuapa. Nampenda kwa kutoapa. Mimi ninachojua ni kwamba wiki moja sikula na nyingine nilikula.

Lakini kulikuwa na jambo limeniingia tangu ile Jumapili, na halikutoka. Kama nyumba nzima iliweza kunificha kifusi kwa siku tatu, imenificha nini kingine? Niliirudia ile sentensi ya benchi la Mwanza, unaendelea vizuri, ni kidogo tu. Kidogo. Tulikuwa tunamtumia neno hilo nani, na wakati gani? Nililijua jibu kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo asubuhi ya dozi ya nne, daktari alipomaliza kuniangalia macho na mdomo na kusema leo tunachoma, mdogo wangu akanyanyuka nusu, akisubiri nitoke, bahasha kifuani. Sikutoka.

"Daktari," nikasema, "na mimi? Naumwa kidogo?"

Daktari alimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alitazama sakafu.

"Ndugu zako waliniomba nisubiri," daktari akasema. "Unataka kujua?"

"Nimeshazika mtu aliye hai, daktari. Nataka kujua."

Akavuta kiti akakaa karibu. Hakuleta maji. Alisema uvimbe ulikuwa umefika kwenye tezi za kwapani, na tangu mwanzo kulikuwa na madoa kwenye ini. Dawa inayapunguza, picha ya mwisho imeonyesha hivyo. Lakini hawategemei kuyamaliza yote. Wanachotafuta ni kuyazuia ili niishi nayo, miaka kadiri Mungu atakavyojalia, na ndiyo maana dozi hii ni muhimu. Hawezi kuniambia miaka mingapi. Hakutumia neno kidogo hata mara moja.

Niliogopa, tena sana, na sitasema vinginevyo. Nikageuka kumtazama mdogo wangu nimpige maneno, maana mdomo ulikuwa umeshajaa. Ndipo nikamwona. Mikono iliyoshika bahasha imekonda mpaka saa imeshuka kwenye kiwiko. Mashavu yameingia ndani. Miezi mitano alikuwa ametembea na ini langu peke yake, Kahama hadi Mwanza, akiniachia mimi kiti cha dirishani, anapika, ananawisha watu mikono, anatukanwa getini. Hakuna aliyempima yeye damu.

"Wewe," nikamwambia, "tangu ulipoambiwa haya umelala?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Nikanyoosha mkono, akanipa bahasha.

Dawa nyekundu iliingia mchana ule na sikumbuki ilivyoisha, kwa sababu nilisinzia kitini, bahasha mapajani, na yeye alisinzia kwenye benchi pembeni yangu, mdomo wazi, mpaka muuguzi akatuamsha wote wawili. Ilikuwa imeshapita Alasiri. Nikachukua simu nikampigia mdogo wetu.

"Nimetoka," nikamwambia. Kisha nikamweleza yote, tezi na ini na miaka isiyojulikana, kwa mpangilio ule ule wa daktari.

Nikasikia pumzi yake ya vumbi.

"Nimesikia, dada," akasema. "Mmekula?"